Mwonja Filme wa Panda

Msiniulize mambo ya sinema. Watu wakisikia kwamba niliuza tikiti kwenye sale ya Panda, ukumbi wetu wa sinema, miaka kumi na minne, wananiganda: Mama Clotilde, filme gani ilikuwa tamu kuliko zote? Ni kweli siku moja watu walivunja mlango? Ndiyo, walivunja, na mimi nilikuwa ndani ya kibanda changu, nusura wanivunje mbavu. Basi, mmeridhika? Filme nilizoziona kwa macho yangu hazifiki kumi, maana muuza tikiti anakaa nje. Ninachokijua ni watu. Na katika watu wote hao nitawaambia habari za mmoja, ba Zéphirin, kama tulivyomwita kwa heshima, na ubaya niliomfanyia. Nikimaliza, mniache.

Zéphirin alikuwa karani wa stoo, Mukasai. Nikisema Mukasai, mnielewe vizuri. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai zamani za Wabelgiji, kuja kufanya kazi kwenye shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa mjini Likasi, kambini Panda, nyuma ya sale yetu, na Kasai alikuwa hajaikanyaga hata siku moja. Mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Stoo ilimpa mshahara. Heshima aliipata kwetu.

Kwetu filme mpya haikuonyeshwa ovyo. Lori likiileta Jumatano kutoka Lubumbashi, mwenye sale, Germain, aliwafungulia watu watatu mlango wakati wa mchana, wakaionja. Tulisema hivyo, kuonja, kama unavyoonja mboga kabla ya kuwapakulia wageni. Wakimaliza, Germain aliwauliza swali moja tu la Jumapili: Dimanche sale itajaa? Wakisema itajaa, filme inabaki. Wakisema hapana, makopo yanarudi na lori la kesho yake, nasi tunarudia filme ya zamani.

Waonjaji walikuwa Banza, Mama Fidélie na huyo Zéphirin. Banza alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na yeye alitaka ngumi. "Kama hakuna muntu wa kuanguka toka yulu ya nyumba," alisema, "ile haiko filme, ile ni misa." Mama Fidélie aliuza mikate ya mafuta sokoni, na yeye alitaka kulia. Leso yake ikitoka kavu, filme imekwisha, hataki kusikia. Wawili hao walibishana mpaka nikawa nawapigia kelele kutoka nje: jamani, filme ni ya Germain, mnagombea nini?

Zéphirin hakubishana. Hakusema filme ni nzuri, hakusema ni mbaya. Alifumba macho na kuhesabu benchi. Alianza na ile ya mbele, akaenda nyuma polepole, na katika kila benchi alitaja watu kwa majina. Hapa watoto wa fundi baiskeli, watakuja kwa sababu kuna farasi. Hapa mwalimu na mke wake, mwalimu atakataa, mke atataka, watakuja. Alizijua nyumba zote za Panda, nani kagombana na nani, nani ana msiba, nani anamtaka binti wa nani na angependa kukaa karibu naye gizani. Akifika benchi ya mwisho anafumbua macho na kusema, "Itajala," ama, "Haitajala." Hakuongeza neno. Miaka yote niliyokaa pale hakukosea, na mimi ndiye niliyekuwa nakata tikiti, siwezi kudanganywa.

Halafu Dimanche, kabla ya saa tisa, alisimama mlangoni na kuwasimulia watu mwanzo wa hadithi. Alifika penye utamu akanyamaza. "Mengine iko ndani," alisema, na watu wakaja kunisukuma kibandani kwangu kama vichaa.

Ukaja mwaka wa tisini na mbili. Mshahara ulikuwa tayari umegeuka hadithi, maduka yalikuwa yameporwa mwaka uliotangulia, filme mpya zilikuwa zimekatika kabisa. Ndipo wakubwa wakasimama kuhutubia, na vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Wakasai warudi kwao! Kwao wapi? Kwao Zéphirin kulikuwa hatua mia mbili kutoka kibanda changu. Waliwaita bilulu, yaani wadudu, wakaimba na nyimbo. Sitajisifu mbele yenu. Mimi ni mtu wa Kapolowe, mwenyeji wa huku, hakuna aliyenigusa, na walipopita na nyimbo zao nilifunga dirisha nikaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Zéphirin alitolewa nyumbani kwake asubuhi moja, pamoja na mkewe Emérance na mtoto wao wa pekee, Tina, wa miaka mitano, waliyempata wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Wakaenda kukaa ku gare, kwenye kituo cha treni, chini ya bashi, yaani maturubai, pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mzee mmoja wao, Léon, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyeshika orodha. Treni ikija, Léon anasoma majina. Ukiitwa na hupandi, jina lako linashuka mpaka chini kabisa, nyuma ya watu wote. Hakuwa mtu mbaya. Watu walikuwa wengi mno na mabehewa machache.

Katikati ya balaa hilo, Jumatano moja, lori likaleta filme. Mpya kabisa, ya Kihindi. Germain alisimama mbele ya kibanda changu, hakuweza hata kunitazama usoni.

"Mama Clotilde, hii njo ya mwisho," alisema. "Dimanche sale ikijala, tunaendelea. Kama haijale, ninaipa ule muntu wa bunga aweke magunia yake."

Muuza unga mmoja alikuwa anaitaka sale iwe ghala yake. Mume wangu alikuwa amekufa, watoto walikuwa wanne, na kile kibanda ndicho kilichotulisha. Nilivaa viatu nikaenda moja kwa moja ku gare kumtafuta Zéphirin.

Nilimkuta ameketi juu ya furushi, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilipomweleza, Emérance alinikodolea macho.

"Balitufukuza kama imbwa," alisema, "na sasa banakuya kumuuliza filme? Mama Clotilde, hauna haya?"

"Sina," nilimjibu. "Niko na batoto ine."

Zéphirin alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Alivaa kofia, akaivuta mpaka machoni, tukapita njia za nyuma mpaka kwenye sale.

Ndani, Banza aliketi mbali naye benchi tatu. Mpwa wake Banza ndiye aliyekuwa analala sasa kwenye nyumba ya Zéphirin, kila mtu alijua, na Banza alijua kwamba tunajua. Siku ile nami niliingia, nikasimama ukutani. Ilikuwa filme ya mama mmoja muuza bangili, mumewe amefungwa kwa kosa la tajiri, na nyimbo kumi na moja, nilizihesabu. Taa ilipowashwa Mama Fidélie alikuwa amelowa uso mzima.

"Wacha nikufe leo," alisema. "Bamama bote ba soko batakuya. Ile ya mulango wa prison, Mungu wangu, nani ataweza kuivumilia?"

"Ngumi ziko mbili tu," Banza alisema, akitazama sakafu. "Na ya pili mutu haanguki vizuri."

Germain akamgeukia Zéphirin. Zéphirin alifumba macho.

Alianza benchi ya mbele, kama zamani. Uso wake ulilegea, mikono ikawa inacheza juu ya magoti. Benchi ya tatu, watoto wa fundi baiskeli. Benchi ya ine, ba Kalonji na mama na batoto bote sita, kwa ajili ya zile nyimbo. Nikashtuka. Kalonji, Mukasai mwenzake, alikuwa ku gare! Nilikuwa nimempita mchana uleule, hatua ishirini kutoka bashi ya Zéphirin mwenyewe. Benchi ya tano, mwalimu na mke wake. Ku gare. Benchi ya saba, wasichana wa kwaya. Nusu yao ku gare, na wengine wametoroka na mama zao kwenda vijijini kutafuta mihogo. Aliendelea hivyo mpaka nyuma, benchi kwa benchi, akiijaza sale na watu ambao hawakuwemo tena Panda. Nilielewa kwamba amesahau. Alikuwa na raha, mtu wa Mungu, na kwa dakika zile kumi alisahau alikolala jana na atakakolala leo.

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa neno moja tu, ba papa, amka. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka aseme itajaa.

"Itajala," alisema, akafumbua macho. Halafu akakumbuka jambo lingine. "Mais miye sitakuwako. Léon anasema treni ni Samedi, na majina yetu iko yulu."

Germain alishika kichwa. Treni ya Jumamosi ingemchukua kabla ya Dimanche, na bila Zéphirin mlangoni hakuna atakayeingia, na sote tulijua. Ndipo mimi, Clotilde, nikafungua domo langu.

"Ba papa Zéphirin, mungoje kiloko," nilisema. "Siku ine tu. Muko munajua kaka yangu Hilaire anatumika ku gare. Ameniambia kutakuwa treni ingine Mercredi."

Hilaire alikuwa amesema labda. Alisema, labda Mercredi, Jumatano ijayo, kama mashine itapatikana, hakuna anayejua. Mimi nililiondoa lile labda nikamkabidhi Zéphirin yaliyobaki, na nikayasema kwa sauti kavu ya kibandani, ile niliyokuwa naitumia kuwaambia watu tikiti zimekwisha.

"Vraiment, Mercredi?" aliuliza.

"Mercredi," nilisema.

Alifikiri. Najua hakubaki kwa sababu yangu tu. Maisha yake yote neno lake lilikuwa kweli kwenye sale ile, na alitaka kuiona imejaa mara moja tena kabla ya kuondoka. Lakini bila uongo wangu angeondoka. Sitaki mnipake mafuta kwa mgongo wa chupa, msiniambie labda angebaki tu.

Samedi treni ilikuja. Sikwenda kuiona, Emérance ndiye aliyenisimulia baadaye. Léon alisoma jina lao mara mbili. Emérance alikuwa amekwisha kufunga kila kitu, ameketi juu ya furushi, mkono wa Tina mkononi mwake. "Twende," alimwambia mumewe. "Filme yako utawasimulia Bakasai." Zéphirin alimjibu, Mercredi, mama, Mercredi tutapanda bila kusukumana, mutoto hataumia. Emérance angeweza kupanda peke yake na mtoto. Hakupanda. Aliniambia kwamba tangu waoane hakuwahi kulala mahali ambapo mumewe hayupo, na hakutaka kuanza siku ile.

Dimanche, saa tisa kasoro, Zéphirin alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimepanga tikiti zangu. Barabara ilikuwa tupu. Wakaja mama watatu wa soko, wenzake Mama Fidélie. Wakaja watoto wa fundi baiskeli na wengine wachache. Zéphirin aliwasimulia muuza bangili, kwa sauti ileile, na wale watoto walimsikiliza mdomo wazi. Kisha wakapita vijana sita waliovaa vitambaa kichwani, wakasimama.

"Angalia, kilulu kimoja kimebakia!" mmoja alisema. "Na kinapiga masolo!"

Waliyacheka hayo masolo, hadithi yake, wakarusha jiwe, likampata begani. Germain alimvuta ndani akafunga mlango. Vijana walipiga mlango mateke kidogo, wakachoka, wakaenda zao. Baada ya hapo hakuja mtu mwingine yeyote. Nilikata tikiti kumi na nne. Filme ikaanza.

Niliingia nikamkuta ameketi benchi ya mwisho, ameshika bega lake. Hakuwa anatazama filme. Macho yalikuwa wazi, na alikuwa anahesabu.

"Ba Kalonji hawakuya?" aliniuliza.

"Ba papa," nilisema, "ba Kalonji beko ku gare."

"Ni kweli," alisema. "Leo asubui tulisalimiana."

Nikatoka nje nikalia, mimi nisiyelia hata kwenye filme. Kesho yake Germain akaanza kutoa benchi.

Mercredi treni haikuja. Mercredi iliyofuata haikuja. Majuma saba, mnasikia? Majuma saba hakuna treni, na mvua ikaanza. Ku gare kulikuwa matope, moshi wa kuni mbichi na watu kukohoa, na chini ya kila bashi familia mbili au tatu. Nilianza kupeleka bukari, ugali wetu, na sombe kila siku. Nilikuwa sina kazi tena, chakula chenyewe nilikopa kwa dada yangu, lakini nilipeleka. Zéphirin alipokea na kunishukuru, na shukrani zake zilinichoma kuliko matusi. Emérance alipokea na kumpa Tina kwanza.

Surua iliingia juma la tano. Mtoto wa Kalonji alikufa wa kwanza, mwingine akafuata, kisha hatukuhesabu. Tina alishikwa Jumatatu. Nilikimbia mjini kutafuta dawa, nikaambiwa hakuna. Nikakimbia kwa masista, wakanipa walichokuwa nacho, nacho kilikuwa kidogo. Ijumaa adhuhuri nilifika na sahani ya chakula nikamkuta Emérance amemfunika mtoto mpaka kichwani, na Zéphirin amekaa pembeni, anafungua na kufunga kifungo cha shingoni.

Tulimzika kwenye makaburi ya Panda, mwisho kabisa, karibu na ukuta. Tulikuwa watu watano. Mimi nilitangulia njiani ili vijana wakitokea wanione mimi kwanza. Tuliweka mti tu, bila msalaba.

Tulipokuwa tunarudi nilishindwa. Nilisimama katikati ya njia nikamwambia Emérance. Nilisema, kaka yangu alisema labda, mimi sikuwaambia labda. Nilisema na habari za Kalonji na benchi, kwamba nilijua sale haitajaa na nikanyamaza. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Emérance alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kutembea.

Juma lililofuata treni ilikuja. Safari hii nilikwenda. Watu walikuwa wanapanda hata juu ya mabehewa, vilio, jamaa wanaitana. Zéphirin alikuwa amekwisha kupanda na furushi. Alikuwa haongei tena, tangu mazishi. Aliniona, akanivulia kofia, ndivyo alivyokuwa. Emérance alibaki chini, akanishika mkono kwa nguvu, nikadhani ndiyo sasa ananipiga.

"Hakuna muntu wetu anabakia hapa," alisema. "Hata mumoja. Weye njo unajua fasi Tina anakala."

"Ninajua, mama."

"Tia musalaba. Mais usiandike jina yetu. Bakiona jina ya Kasai batavunja, batamuchimbua. Andika ya kwenu."

Nilimwambia nitaandika. Nikataka kupiga magoti, nikataka kuomba msamaha, akanizuia.

"Sikupe kintu," alisema. "Ninakuachia mutoto. Hivi njo vile iko."

Akapanda. Treni ilichukua saa nzima kabla ya kuondoka, na saa hiyo yote tulikuwa tunatazamana, yeye juu, mimi chini.

Msalaba nilitengenezesha kwa mbao za benchi aliyonipa Germain. Nimeandika Tina, na baada ya Tina nimeandika jina la baba yangu. Ninakwenda kung'oa majani, kushindilia udongo mvua ikibomoa. Watu wa Panda wanapita, wananiona nimeinama pale, wananiuliza ni wa nani. Nasema ni mtoto wangu. Banza mwenyewe alipita siku moja, akavua kofia, akasema pole sana, Mama Clotilde, hatukujua kama na wewe ulifiwa.

Nilimjibu asante.